Jino na maji ya batri

Haya ni zaidi kwako wewe kijana wa karieri hapa Salamabila. Usiku mumoja kijana alikuja kwetu, shavu limevimba. Rafiki yake alimutilia maji ya batri ndani ya jino lenye tundu. Ile asidi ilichoma ufizi na ulimi, na ugonjwa ukabaki palepale chini ya jino.

Jino likiuma, tia nusu ya kijiko kidogo cha chumvi ndani ya glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua, tema. Aspirini usiibandike kwa ufizi, nayo inachoma. Uvimbe ukipanda jichoni ao ukishuka shingoni, homa ikija, kumeza kukishinda, usingoje Jumapili: twende kwa muganga sasa, tutaomba njiani.

Asubuhi na mbele ya kulala piga mswaki dakika 2, na dawa yenye floridi ukiipata. Mswaki wa mti nao unafaa, lakini wako mwenyewe! Na ile biskuti ya usiku, ee mama, tuiache.

Wengine mumeuliza juu ya vifuniko vya plastiki vya kunyoosha meno, vilivyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1999. Vinavaliwa saa 20 mpaka 22 kwa siku, muganga wa meno akifuata, na kila kipya kinabana siku za kwanza. Wenye navyo pia wanasukutua maji ya chumvi. Usijaribu kwa mpira ao uzi: unaingia chini ya ufizi, jino zima linaanguka.

Yule kijana aling'olewa jino. Ugali anatafuna upande mumoja, pilipili bado hawezi.