Anaposema "Kifua Kinanibana"

Mwezi huu naomba tuweke kando wivu na sms za saa sita usiku. Kuna dada mmoja, mfanyakazi wa benki hapa Dar, kaniandikia jambo ambalo naona linatuhusu wengi tulioacha wazazi kijijini. Baba mkwe wake anaishi Kiongoroni, kule ndani kabisa kwenye delta ya Rufiji. Siku moja saa 3 usiku mzee kapiga simu kwa mwanawe, "Kifua kinanibana." Mume akatuma elfu thelathini na ya kutolea, akamwambia baba yake anunue dawa ya kifua, kisha akalala. Dada akakesha. Sasa ananiuliza: alikuwa na haki ya kumwamsha mumewe, au angeonekana ana kimbelembele kwenye ukoo wa watu?

Dada yangu, ulikuwa na haki zote. Ningekuwa mimi ningewasha na taa.

Mimi ni mtoto wa Kibiti, na hili neno "kifua" nalijua linavyotuchanganya. Kwetu anayekohoa ana kifua. Mwenye pumu ana kifua. Mwenye TB watu wanashusha sauti, "yule ana kifua," na kila mtu anaelewa ni kile kikuu. Ukichomwa ubavuni unapovuta pumzi, hicho ni kichomi. Ukiungua kooni baada ya pilau ya harusi, utaambiwa ni vidonda vya tumbo hata kama hujawahi kupimwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwenye simu kwamba ana kifua, bado hajakuambia kitu. Na "dawa ya kifua" ya duka la dawa, mara nyingi ni chupa ya dawa ya kikohozi, haina inachoweza kufanya kwa mtu ambaye mshipa wa moyo wake umeziba.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Moyo ukikosa damu, mtu wengi wetu tunamtegemea apige kelele na kuanguka kama kwenye sinema. Wapi! Wengi wanasema kuna kitu kizito kimewakalia katikati ya kifua, au kama wamefungwa mkanda ukakazwa. Hawakuonyeshi kwa kidole kimoja, wanaweka ngumi au kiganja kizima. Maumivu yanaweza kwenda mkono wa kushoto, au yote miwili, au shingoni, taya, mgongoni. Jasho jembamba linawatoka, wanasikia kichefuchefu, pumzi inakuwa fupi. Na wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasisikie maumivu makali kabisa, ni uchovu tu usioeleweka, pumzi kukatika au tumbo la juu kusumbua. Ndiyo maana "nimekula vibaya" imezika watu wengi.

Sasa chukua mtu huyo umweke Kiongoroni. Delta yetu ina mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, na wageni wakiiona wanapiga picha mpaka simu inajaa. Lakini barabara ya kule ni maji, na maji yana ratiba yake. Yakipwa, vijito vingi vinabaki tope, boti haipiti. Mwenye boti akikuambia "tusubiri maji" si kwamba ana roho mbaya. Hesabu na mimi: maji yaliyojaa saa 3 usiku yatajaa tena kama saa 3 na nusu asubuhi. Ukiikosa ile safari ya usiku, unaweza kuwa umetoa masaa 12. Kwa mshtuko wa moyo, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda au kuzibua mshipa kwa mrija husaidia zaidi masaa ya mwanzo kabisa, na madaktari wanayahesabu hayohayo 12 kama mpaka, baada ya hapo faida inashuka sana. Na kufika Nyamisati kwenyewe si mwisho wa safari. Unatafuta gari la kukutoa mpaka barabara ya Kilwa, halafu Kibiti au hospitali ya misheni ya Mchukwi, na ikibidi Dar, ambayo kutoka Kibiti ni kilomita zinazokaribia 140. Pale Muhimbili ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ilianza kazi mwaka 2015, wanaingiza mrija mwembamba kupitia mshipa wa mkono au paja na kuzibua mshipa wa moyo. Zamani kwa matibabu mengi kama hayo tulipelekwa India. Siku hizi tatizo la mtu wa delta ni kuwahi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye ile simu ni hili: je, maumivu haya yanaweza kungoja maji?

Usimuulize mzee "kinauma sana?" Mzee wa kwetu atakujibu "kidogo tu" hata kama malaika yuko mlangoni. Na wewe mkwe utaona haya kumhoji baba mambo ya mwili wake. Omba simu apewe mama. "Shikamoo mama. Baba anatokwa jasho? Ameweka mkono wapi? Imeanza lini, na ikitulia anakuwa anafanya nini?" Mama atakuambia yote, tena na ya wiki iliyopita ambayo mzee alimkataza kusema. Ukisikia kubanwa katikati kumepita dakika 15 na hakuachii, au kuna jasho, pumzi fupi, kuzimia, hapo hakuna cha kutuma pesa ya dawa. Pesa hiyo ni ya mafuta ya boti. Mzee akae, asitembee, wala asipige kasia mwenyewe kuonyesha kwamba yuko imara. Mpigie mhudumu wa zahanati. Akikubali, mzee atafune aspirini ya miligramu 300, mradi haimdhuru mwilini, hana historia ya kutoka damu tumboni na hana dalili za kiharusi.

Si kila kifua ni moyo, jamani, msije mkaanza kukodi boti kwa kiungulia. Kiungulia huunguza kutoka chini kwenda kooni, huzidi ukilala baada ya kushiba, na wajawazito wanakijua vizuri. Anayevuta jarife usiku kucha au kukata mikoko anaweza kuumia misuli na mbavu. Hayo mara nyingi unayapata ukibonyeza mahali au akijigeuza, ingawa kubonyeza peke yake kusikufanye ujipe udaktari. Maumivu ya kuunguza upande mmoja tu, halafu baada ya siku chache malengelenge yakajipanga mstari, ni mkanda wa jeshi. Hayo yote yanaweza kusubiri asubuhi.

Kichomi chenye homa na makohozi ni dalili ya nimonia, na hicho kisichezewe, hasa kwa mtoto na mzee. Kikohozi kilichopita wiki 2, jasho la usiku, mwili kupungua, nenda kapime TB. Matibabu yake kwenye vituo vya serikali ni bure na kwa kawaida ni miezi 6. Mama zetu wanaokausha samaki kwa moshi miaka nenda rudi, vifua vyao vinahitaji daktari hata kama hawajawahi kushika sigara. Mtoto mwenye sikoseli akilalamika kifua na ana homa, ni hospitali siku hiyohiyo, usimsubirishe.

Na wewe dada uliyejifungua juzi, ukibanwa pumzi ghafla na kifua kinachoma, labda na mguu mmoja umevimba, inaweza kuwa damu iliyoganda imepanda kwenye mapafu. Hiyo inaua haraka. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kuna usafiri wa dharura wa m-mama, unapiga 115 bure.

Vijana wa ofisini najua mnachotaka kuuliza. Ndiyo, hofu kali inaweza kubana kifua, moyo ukaenda mbio, vidole vikafa ganzi, hasa baada ya ugomvi au bosi kukusimamisha mbele ya watu. Ni ugonjwa wa kweli na una tiba. Lakini jina hilo huwekwa na daktari baada ya kuuangalia moyo, halitolewi na mchumba aliyekuchoka. Mwenye miaka 38, sigara, kitambi na presha ambayo hajawahi kupima asiambiwe "una stress tu."

Turudi kwa mzee. Dada anasema kufika asubuhi kifua kiliachia, na mpaka leo hajapimwa kwa sababu "kimepona." Hapo ndipo ningeanza kugombana na mume, kwa upole lakini. Kifua kinachobana mzee akipandisha mzigo kutoka botini, kikaachia akikaa, ni onyo kwamba mshipa umeanza kuwa mwembamba. Usimwambie mume "baba yako atakufa," maana atakasirika na hasira hiyo ni woga. Mwambie, "Tumlete Kibiti apimwe presha, sukari na umeme wa moyo, nauli nachangia mimi." Mwanaume gani atagombana na mke anayechangia nauli ya baba yake?

Kwenye simu yake mumeo aandike leo namba ya mwenye boti na ya zahanati. Halafu achague siku ya bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji huingia mpaka vijito vya ndani, na kwenye pwani yetu hujaa karibu na alfajiri, kwa hiyo mzee ataondoka mapema na kufika Kibiti kabla foleni ya maabara haijawa ndefu.