Maradhi ya Kizazi ya Mbwa Jike Yasipuuzwe

Katika vijiji vya Bungu, kwenye milima ya Usambara, mbwa ni mlinzi wa mahindi dhidi ya nguruwe mwitu na nyani. Hata hivyo, mkulima amwitaye bwana mifugo mara ng'ombe akataapo majani, aweza kumwacha mbwa wake ajiponye mwenyewe. Desturi hiyo haifai, kwani liko gonjwa la mbwa jike lisilongoja.

Gonjwa hilo ni usaha katika mji wa uzazi, yaani payometra. Humpata zaidi mbwa mtu mzima, katika majuma machache baada ya joto la kutaka dume kwisha. Wakati huo homoni ya projesteroni huunenepesha ukuta wa mji wa uzazi, hata kama mbwa hakupandwa, na bakteria watokao ukeni hupata humo malisho mema.

Dalili za mwanzo hudanganya: mgonjwa hunywa maji mno, hukojoa mara kwa mara, huacha chakula na kutapika. Mlango wa kizazi ukiwa wazi, usaha huonekana chini ya mkia. Ukiwa umefunga, hakitoki kitu. Tumbo huvimba na sumu huenea mwilini. Hali hii ndiyo ya hatari zaidi. Aliyezaa karibuni naye aangaliwe: uchafu wenye uvundo, homa na kuwatupa watoto ni ishara za uambukizo.

Tiba iliyo thabiti ya payometra ni daktari wa mifugo kuutoa mji wa uzazi pamoja na ovari, huku mgonjwa akipewa maji ya mshipani na antibiotiki. Antibiotiki peke yake kwa kawaida hazitoshi, maana usaha hubaki ndani. Vidonge vya maumivu vya binadamu, kama ibuprofeni, vyaweza kumwua mbwa.

Itasemwa kwamba upasuaji ni ghali na daktari yu mbali. Ni kweli, ndiyo maana kinga ni bora. Mbwa aliyeondolewa kizazi angali mzima huepushwa na gonjwa hili, wala haongezi watoto wasio na mwenyewe. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, hufunza madaktari wa mifugo. Yafaa basi siku za chanjo ya kichaa cha mbwa vijijini ziwe pia siku za upasuaji huo, ili safari moja ya daktari iwafae wengi.