Tusizisahau Pini za Breki

KILA ifikapo Oktoba 14, siku aliyofariki Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, mwaka 1999, wananchi husafiri kwenda Butiama kutoa heshima zao. Wengi hupita Makutano wakiwa ndani ya magari yaliyokwisha kutumika miaka mingi, mengine yakiwa yameletwa nchini baada ya kutumika kwingine.

Kutumia gari la zamani si aibu. Nchi inayojitegemea haitupi chombo kinachofaa kwa sababu tu ya umri wake. Aibu ni kupakia watu katika chombo kisichotunzwa. Leo tunapenda kukumbusha juu ya kifaa kidogo kinachosahauliwa mno: pini za kalipa ya breki.

Katika magari mengi madogo, dereva akikanyaga breki, pistoni husukuma pedi ya ndani mpaka ibane diski. Hapo kalipa nayo huteleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya nje ibane upande wa pili. Pini zikishika kutu, kalipa haitelezi. Pedi moja hubeba kazi ya mbili na kuisha upesi, gurudumu hupata moto, na gari huweza kwenda upande linaposimamishwa ghafula. Ole wao abiria iwapo dereva atayagundua hayo siku mtoto anapokatiza barabara!

Katika njia za vijijini mwetu, vumbi la kiangazi na tope la masika ni adui wa pini hizo. Mpira mdogo unaozifunika ukipasuka, uchafu na maji huingia, grisi hukauka, na kutu huanza.

Kwa bahati mbaya, wenye magari wengi hununua pedi mpya, fundi akazifunga haraka, na pini zisiguswe. Baada ya muda mfupi pedi ya ndani hubaki chuma kitupu, naye muuzaji wa pedi hulaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Kazi inayotakiwa si kubwa. Kila pedi zinapobadilishwa, pini zichomolewe, zisafishwe na kukaguliwa. Iliyoliwa na kutu ibadilishwe, na mpira uliopasuka vivyo hivyo. Kisha zipakwe grisi maalumu ya breki, kwani grisi ya kawaida ya beringi huweza kuuvimbisha mpira na kuikwamisha pini upya. Kila pini irudi katika tundu lake, maana katika baadhi ya magari hazifanani. Ikisukumwa kwa mkono iteleze bila kukwama.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu mtu kuendesha gari bovu. Hata hivyo, askari wa barabarani hawezi kufungua kila gurudumu. Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa mwenye gari, na wa pili ni wa fundi. Tunawaomba mafundi wa Musoma, Bunda na Butiama wasikubali kufunga pedi mpya juu ya pini zilizokwama, hata mwenye gari akiwa na haraka. Nao wenye magari wakubali kulipia kazi hiyo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukuta unaweza kujengwa upya. Maisha ya abiria hayarudi.