DADA, ILE SIYO GESTI! Umelala ndani ya nyumba ya historia, ukaishia kulalamikia ngazi

Najua wengi mnasubiri niongelee lile penzi jipya la mjini. Tulieni, litakuja. Leo kuna kitu kimenikaa kooni tangu wikiendi na lazima nikiteme.

Ni ile klipu. Dada yetu wa filamu (jina sitaji, hapa hatutaji majina, lakini nyote mnamjua) kaenda Amsterdam, Uholanzi, siku nne. Safi kabisa, hela yake, jasho lake, hakuna wa kumpangia. Kafikia kwenye hoteli ndogo, vyumba vichache, ndani ya nyumba ya zamani iliyo kando ya mfereji. Sasa badala ya kutuonyesha mji, katuonyesha ngazi. Dakika nzima ya ngazi!

Eti kasafiri usiku kucha halafu kaletwa kwenye "gesti ya uswahilini". Lifti hakuna. Kiyoyozi hakuna. Ngazi zimesimama kama za kupandia darini. Halafu kamgeuzia kamera yule kaka mhudumu aliyekuwa anapandisha mabegi yake mawili makubwa, anahema, jasho linamtoka, dada anacheka: "Oneni lifti yangu hiyo!"

Na nyie kwenye komenti mkacheka naye. Wengine wakamgeuka mwenyewe: "Amefulia, kalala gesti Ulaya." Zaidi ya watu elfu moja, nimesoma mpaka macho yanauma. Sikuona hata mmoja aliyeuliza swali dogo tu: kwa nini ile nyumba iko vile?

Basi nitawajibu mimi. Na kabla hujaandika "we umeshafika Amsterdam?", jibu ni hapana, sijafika. Elimu yangu ni ya form four na simu yenye bando. Lakini kusoma hakuhitaji viza.

IKO VILE KWA SABABU

Mji ule ulikaa juu ya maji na matope. Mifereji mikubwa mnayoiona kwenye picha ilianza kuchimbwa mwaka 1613, na nyumba zikajengwa pembeni yake kwenye viwanja vyembamba sana, kwa sababu kila mfanyabiashara alitaka mlango wake uangalie maji. Maji ndo ilikuwa barabara. Boti ilikuwa ndo lori. Sasa kiwanja kikiwa chembamba unafanyaje? Unarefuka kwenda nyuma na unapanda juu. Na ngazi ukizilaza vizuri kama za shule zitakula nyumba nzima, kwa hiyo unazisimamisha.

Chini ya hizo nyumba kuna nguzo za mbao zilizopigiliwa kwenye matope mpaka zikafika kwenye mchanga mgumu. Ile ikulu iliyo katikati ya mji, pale uwanja wa Dam, inatajwa kuwa imesimama juu ya nguzo 13,659. Mbao, wadau! Karne nne karibu, na bado imesimama.

Na ile kulabu iliyotokeza juu kabisa kwenye paa, ambayo dada kaisogezea kamera akauliza "hii ni ya kunyongea watu?" Hapana dada. Ni ya kuvutia mizigo. Wafanyabiashara wa zamani waliweka ghala juu darini, na bidhaa zilipandishwa kwa kamba kupitia nje, zinaingizwa dirishani. Ndiyo maana nyumba nyingi zimeinamia mbele kidogo, makusudi, mzigo usigonge ukuta wakati unapanda. Mpaka leo watu wa kule wakihama, kitanda na kochi vinapitia dirishani. Nyumba imeinama na wewe unasema "inaanguka hii, nitakufa". Imeinama hivyo tangu babu wa babu yako hajazaliwa.

Sasa nieleze. Mimi nimezaliwa uswahilini na nimekulia uswahilini. Ni gesti gani ya uswahilini yenye miaka mia tatu?

"KWA NINI WASIWEKE LIFTI TU?"

Hili swali limejirudia sana. Jibu: kwa sababu hawaruhusiwi kujiamulia. Mwaka 2010 UNESCO iliingiza eneo lote lile la mifereji kwenye orodha ya urithi wa dunia, na maelfu ya majengo ya mji ule yanalindwa na sheria ya nchi. Ukiwa na nyumba iliyo kwenye orodha huwezi kuamka asubuhi ukaita fundi avunje ngazi atoboe sakafu tatu aweke lifti. Unaomba kibali, na unaweza kunyimwa.

Na msidhani nyumba za hivyo ni za walioishiwa. Mle mle Amsterdam kuna hoteli ya kifahari inaitwa Pulitzer, imeunganisha nyumba 25 za aina hiyo hiyo za kando ya mfereji. Matajiri wa dunia wanalala humo na wanajivunia. Ukongwe wa nyumba ndo bidhaa yenyewe. Ukitaka vioo na vigae vinavyong'aa, hoteli za hivyo ziko kibao, tena karibu na uwanja wa ndege. Dada hakwenda huko. Alichagua mfereji kwa sababu mfereji unatoka vizuri kwenye picha. Hesabuni picha alizoposti: tisa kati ya kumi nyuma yake ni nyumba hizo hizo za zamani. Kuzitumia kama pazia la kupigia picha anaweza, kuziheshimu ndo kazi!

Halafu kuna moja iliniuma. Siku ya tatu kaposti yuko nje ya nyumba ya Anne Frank, Prinsengracht 263, kaandika "Historia." Dada, unajua mle ndani kuna nini? Kuna ngazi. Ngazi za kusimama kama zako, nyuma ya kabati la vitabu lililoficha mlango. Watu wanane walijificha humo kuanzia mwaka 1942 mpaka walipokamatwa Agosti 1944, na mmoja wao alikuwa msichana mdogo aliyekuwa anaandika shajara. Huyo msichana hakurudi. Sasa ngazi za kule ni "historia", zile za hotelini kwako ni "ushamba". Tofauti ni nini, tiketi?

YULE KAKA MWENYE MABEGI

Hapa sasa ndo palipofanya nikaandika.

Hoteli kama ile haina kikosi cha wapagazi. Mara nyingi anayekupokea ndo anayekutengenezea chai asubuhi na ndo huyo huyo anakubebea begi. Yule kaka alibeba mizigo ya mtu mwingine, ghorofa tatu, kwenye ngazi ambazo dada mwenyewe alikiri amepanda kwa kushika ukuta. Shukrani aliyopata ni kurekodiwa akihema na kuchekwa na watu wa nchi ambayo hajui hata lugha yake.

Na sisi ndo wa kucheka? Sisi? Niambie ukoo gani hapa hauna mtoto anayefanya kazi hotelini. Kuna kaka zetu wanabeba mabegi Nungwi na Paje. Kuna dada zetu wanatandika vitanda Arusha na Karatu. Kuna wadogo zetu Dubai na Muscat wanafuta choo cha mtu asiyewasalimia. Siku mtalii mmoja akimrekodi mbeba mizigo wetu pale Zanzibar, akamwita "lifti yangu", si tungeandamana humu ndani siku saba? Hashitegi tungetengeneza. Ubalozi tungeutumia meseji. Ila akifanya staa wetu, ni kichekesho.

Hapana. Ubaya ni ubaya hata ukifanywa kwa Kiswahili.

KODI NAYO ETI NI WIZI

Klipu ya mwisho dada analia kwamba kaongezewa hela mapokezini, "Wazungu wezi". Wadau, Amsterdam inatoza kodi ya wageni, na tangu 2024 ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Chumba cha euro 200 kinaongezeka euro 25. Ni moja ya kodi kubwa za aina hiyo Ulaya, na sababu yake ni kwamba mji umeelemewa na wageni. Mwaka huo huo wa 2024 walitangaza kwamba hoteli mpya haijengwi mpaka nyingine ifungwe. Wenyeji wamechoka. Sasa ukiingia kwenye mji uliochoka na wageni, halafu ukawa mgeni wa namna ile, unategemea wakupigie makofi?

KWA WANAOSEMA "NYUMBA ZILIJENGWA KWA DAMU"

Kuna mdau mmoja kanitumia meseji baada ya kuona nagusia hili kwenye stori: "Unatetea majumba ya watu waliouza babu zetu." Hoja nzito, na siikwepi.

Ni kweli. Pesa nyingi zilizojenga ile mifereji zilitoka kwenye viungo, sukari na biashara ya watu. Si mimi nasema, wenyewe wamekiri. Meya wa Amsterdam aliomba radhi hadharani Julai 1, 2021, na mfalme wao naye akaomba radhi Julai 1, 2023, akiwa mji ule ule.

Lakini dada hakulalamika kuhusu utumwa! Angesimama mbele ya ile nyumba akasema "darini hapa palikuwa na sukari iliyolimwa na watumwa", ningemsimamia mpaka kesho. Hiyo ndo klipu ningeisambaza. Yeye kalalamikia kiyoyozi. Nyumba yenye ukweli mchungu kiasi kile, kaiona haina kosa lingine zaidi ya kukosa lifti.

NA WEWE UNAYEANDIKA "AMEFULIA"

Wewe nawe usijifiche. Ni wewe unayewafanya mastaa wawe hivi. Kuna msanii wetu mwingine, wa kiume, mnampenda sana, naye mlimsifia wikiendi hiyo hiyo kwa kuposti "hoteli ya kweli", taa za dhahabu na maua makubwa. Mimi niliangalia video zake zote. Zote ziko mapokezini. Kitanda hatujakiona. Dirisha hatujaliona. Hata mswaki! Sisemi kitu, nasema tu hatujaviona.

Ndo mchezo mliouzoea. Mtu akilala pa kawaida akasema ukweli, mnamzika. Akipiga picha kwenye sofa la watu, mnamwita bosi. Halafu mnashangaa kwa nini mastaa wana madeni. Dada yule nina uhakika alianza kulalamika kwa sababu aliogopa komenti zenu. Alitaka kuwahi kuicheka ile nyumba kabla hamjamcheka yeye.

TURUDI NYUMBANI KIDOGO

Haya mambo si ya Wazungu tu. Mji Mkongwe wa Zanzibar nao uko kwenye orodha ile ile ya UNESCO, tangu mwaka 2000. Nao una hoteli ndogo ndani ya nyumba za zamani, zenye ngazi za kusimama, milango ya kuchonga, vitanda virefu vya kupandia kigoda. Wanaolala humo wengi ni wageni. Sisi tukienda Unguja tunauliza, "Kuna hoteli ya kisasa?"

Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lilijengwa mwaka 1883. Husemwa ndilo lilikuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti ya umeme. Lifti, wadau, ile mnayoililia! Desemba 25, 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Jengo la zamani haliokolewi na lifti. Linaokolewa na watu wanaolithamini, wanaolilipia na kulikarabati kabla ufa haujawa shimo. Watu wanaoita kila kikuukuu "ushamba" hawawezi kufanya hiyo kazi.

HAKI YAKE NAMPA

Sisemi mgeni asilalamike. Maji ya moto yakikosekana, lalamika. Shuka chafu, lalamika sana. Mtu mwenye mguu mbovu, mjamzito, mama mtu mzima, ana haki ya kuambiwa mapema kwamba hakuna lifti na chumba kiko ghorofa ya ngapi, na hoteli inayolificha hilo kwenye picha zake inastahili kusemwa. Lakini dada mwenyewe alionyesha ukurasa aliobukia, na pale chini, kwa herufi za kawaida kabisa, pameandikwa hakuna lifti na ngazi ni kali. Hakusoma. Basi nyie msome: lifti ipo au haipo, ghorofa ya ngapi, kodi ya mji imo kwenye bei au iko pembeni. Na ukienda nyumba ya hivyo beba begi dogo, mgongo wa mwenzio si reli.

Dada, klipu ya ngazi ushaifuta, nimeona. Ila ya yule kaka bado iko juu na bado inachekwa. Ifute hiyo kwanza. Na kama namba ya hoteli unayo, mpigie umwombe radhi. Hatuhitaji kuirekodi hiyo simu.

Komenti ziko wazi. Kunitukana mimi ruksa, kumtukana yule kaka nafuta.