Mchezo Usiokuruhusu Kuinuka

Katika miji yetu ya pwani, toka Lamu hadi Vanga, baraza za michezo zimebadilika sura. Bao lingalipo, keram na dhumna zingalipo, lakini vijana walio wengi michezo yao sasa i katika skrini: katika vyumba vya kukodi vyenye televisheni na mashine za PlayStation, na zaidi katika simu za mkononi. Wazee wengi huikemea michezo hiyo kwa jumla, wakisema ni upotevu wa wakati. Vijana nao huitetea kwa jumla, kana kwamba haina ila hata moja. Nionavyo mimi, pande zote mbili zakosea kwa huko kusema jumla jumla. Yafaa tuitazame michezo hii kama tutazamavyo mchezo mwingine wowote, tuseme hapa pazuri na hapa pabaya. Leo nataka kusema juu ya hapo pabaya, yaani zile sehemu za kuudhi ambazo hata mpenzi mkubwa wa mchezo akizifikia husaga meno.

Kwanza nieleze kuwa sina ugomvi na ugumu. Ugumu ndio utamu wenyewe. Tazama bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64, na zote zi wazi mbele ya macho ya wachezaji wawili na ya watazamaji wote barazani. Hapana kilichofichwa. Anayefungwa ajua alifungwa wapi, na asipojua, watazamaji watamweleza kabla hajauliza. Huo ni ugumu wa haki, na akirudi kesho atacheza vizuri zaidi. Iko michezo ya skrini iliyo migumu kwa namna hiyo hiyo, na vijana huipenda kwa ajili ya ugumu wake. Kero ninayoisema ni nyingine. Ni ile ambayo mchezaji hashindwi kwa kukosa ujuzi, bali anapotezewa wakati wake na mtu aliyeketi mbali sana, ambaye alipokuwa akiutengeneza mchezo hakufikiri kwamba mchezaji ana jambo jingine lolote la kufanya duniani.

Asili ya tabia hii yajulikana. Michezo ya mwanzo iliyopata sifa ulimwenguni, kama Space Invaders ya mwaka 1978 na Pac-Man ya mwaka 1980, yote miwili ya Japani, ilikuwa ndani ya mashine kubwa zilizowekwa mahali pa watu wengi, na kila mchezo ulilipiwa sarafu. Mwenye mashine hakupata faida kwa mtu aliyecheza saa nzima kwa sarafu moja. Kwa hivyo mchezo ulipaswa kukuua upesi, lakini usikukatishe tamaa, ili utie mkono mfukoni tena. Biashara ni biashara. Lakini michezo ilipohamia majumbani katika miaka ya 1980, na mchezaji ameshainunua kwa bei kamili, tabia ile haikufa. Ninja Gaiden, uliotolewa kwa mashine ya Nintendo mwaka 1988 huko Japani na mwaka uliofuata Marekani, ni mchezo mzuri wa kasi na hadithi. Hata hivyo, mchezaji akishindwa na adui wa mwisho, hawekwi mlangoni pa adui yule ajaribu tena. Hurudishwa mpaka mwanzo wa sehemu ya sita, akaipite upya njia yote aliyokwisha kuipita. Sarafu hazipo tena, bali adhabu ya sarafu imebaki.

Na hapa kwetu sarafu yenyewe ilirudi kwa mlango wa nyuma. Katika vyumba vya kukodi kijana hulipia mechi moja, au nusu saa, au saa nzima. Mtengenezaji aliyeko Tokyo au California akiweka katika mchezo wake sinema ndefu isiyoweza kurukwa, anayeigharamia ni mtoto wa Majengo mwenye shilingi zake chache. Kingdom Hearts, katika toleo lake la kwanza la mwaka 2002, ulikuwa na mazungumzo marefu kabla ya mapambano yake makali. Mchezaji akishindwa, alilazimika kuyasikiliza mazungumzo yale yale tangu neno la kwanza, na kila aliposhindwa tena, tena. Matoleo ya baadaye yakaruhusu kuyaruka. Kwa mtu mwenye mashine nyumbani kwake hilo ni jambo la kuchekesha. Kwa mtu anayelipa kwa dakika, ni pesa.

Hali kadhalika Grand Theft Auto: San Andreas wa mwaka 2004. Nasema wazi kwamba mchezo huo si wa watoto, na boksi lake lenyewe limeandikwa hivyo, ingawa sote twajua ni watoto wangapi waliouchezea. Umo mtihani mmoja mashuhuri ambapo mchezaji huendesha pikipiki kandokando ya gari moshi, na mwenzake aliyepakiwa nyuma ndiye anayepaswa kuwapiga risasi watu waliosimama juu ya mabehewa. Wewe waendesha vizuri, mwenzako akosea shabaha, na kushindwa ni kwako. Baada ya hapo warudi kuanza mtihani mzima. Kwa mashine za PlayStation 2 ilihitajika pia kadi ndogo ya kuhifadhia, ya megabaiti 8, na mahali pasipokuwa na kadi hiyo kazi ya mchana kutwa ilipotea mashine ilipozimwa. Umeme wa kwetu nao una tabia zake.

Mfano ninaoupenda zaidi, kwa kuwa ni wa mji wetu wenyewe, ni Halo 2, uliotolewa na Microsoft mwezi wa Novemba 2004 baada ya kutengenezwa na kampuni ya Bungie. Hadithi yake imewekwa katika mwaka 2552, na vita vyaingia katika mji uitwao New Mombasa, wenye mnara unaopanda hadi nje ya anga. Sehemu moja ya mchezo hupigwa katika Mombasa ya kale, katika vichochoro, na humo imo hoteli iitwayo Zanzibar. Mwaka 2009 ukafuata mwingine, Halo 3: ODST, ambao askari hutembea usiku, mvua ikinyesha, katika mji huo huo uliohamwa, na sehemu zake mbili zina majina ya Kizingo na Kikowani. Hapana shaka kijana wa Mombasa akisoma majina hayo katika skrini hupata furaha ambayo mchezaji wa London hawezi kuijua.

Lakini katika vichochoro vile vya Halo 2, mchezaji akichagua daraja la juu kabisa la ugumu, juu ya mapaa huwa wamejificha wadunguaji, viumbe wenye midomo kama ya ndege (kana kwamba kunguru wetu hawatoshi). Risasi yao moja yatosha kumwua mchezaji, na mara nyingi huipata kabla hajamwona aliyeipiga. Njia ya kupita ni kufa, kukumbuka risasi ilitoka dirisha gani, kufa tena mbele kidogo, kukumbuka tena, mpaka vichochoro vyote umevihifadhi kwa moyo. Na mkicheza wawili katika daraja hilo, mmoja akifa nyote wawili mwarudishwa nyuma. Wako wanaosema huo ndio uanaume. Mimi nasema bao lisingechezwa hata siku moja kama mshindani angekuwa na kete mfukoni. Mwaka 2014 mchezo huo ulitolewa upya kwa picha mpya na nzuri sana. Wadunguaji wamo vile vile.

Isisemwe kwamba mambo haya hayarekebishiki. The Legend of Zelda: Ocarina of Time, wa Nintendo, mwaka 1998, wahesabiwa na wengi kuwa mmoja wa michezo bora iliyopata kutengenezwa, na humo limo hekalu la maji ambalo limelalamikiwa tangu siku hiyo. Mchezaji huzama na kuelea kwa kuvaa na kuvua viatu vya chuma, na kila mara ilimbidi ausimamishe mchezo, afungue orodha ya vitu, achague viatu, afunge orodha, atembee hatua chache, kisha avivue kwa njia ile ile. Fumbo lenyewe halikuwa na ubaya; kilichochosha ni viatu. Toleo jipya la mwaka 2011 lilivifanya vivaliwe kwa kugusa mara moja tu. Miaka 13 ya kero iliondolewa kwa kitufe kimoja.

Katika mchezo huo huo, sisi Waislamu tulikuwa na kero yetu nyingine: muziki wa hekalu la moto, katika nakala za mwanzo, ulikuwa na sauti za visomo vya Kiislamu, na nakala za baadaye zikaondolewa sauti hizo. Vivyo hivyo mwezi wa Oktoba 2008 Sony iliuchelewesha mchezo wa LittleBigPlanet duniani kote, kwa sababu wimbo mmoja wa mwanamuziki wa Mali, Toumani Diabaté, ulikuwa na maneno ya Kurani. Natoa mifano hii kuonyesha kuwa watengenezaji wana masikio wakiambiwa. Basi kwa nini wasiambiwe na lile lililo kubwa kwetu kuliko hata hadithi na picha, nalo ni kumruhusu mtu ainuke?

Kwa maana hapa ndipo ugomvi unapoingia majumbani. Adhana ya Magharibi yalia, mama aita, na kijana ajibu, "Mamangu, ningoje kidogo, sijafika pa kuhifadhi." Mama hajui "pa kuhifadhi" ni wapi. Yeye asikia utovu wa adabu, na mara nyingine ndio huo. Lakini mara nyingine kijana asema kweli tupu: mchezo wenyewe haukuweka mahali pa kusimama ila kila baada ya dakika arubaini, na akizima sasa atapoteza yote. Michezo kama Dark Souls wa mwaka 2011 na Elden Ring wa mwaka 2022, yote ya kampuni ya FromSoftware ya Japani, haina kitufe cha kuusimamisha mchezo kama tulivyozoea. Ukifungua orodha, adui aendelea kukujia. Angalau hiyo huhifadhi yenyewe kila wakati, na mtu aweza kutoka akarudi. Ile ya simu ya wengi kwa pamoja ni mibaya zaidi. Katika PUBG Mobile, uliotoka mwaka 2018, watu 100 huteremshwa mahali pamoja na kupigana mpaka abaki mmoja au kundi moja, na shughuli hiyo huchukua kiasi cha nusu saa. Anayeondoka katikati awaacha wenzake pungufu. Hapa pwani toka Magharibi hadi Isha ni saa moja na dakika chache. Hesabu ni rahisi, na kila mzazi aweza kuifanya.

Kuhusu pesa nitasema kidogo tu. Katika michezo ya kandanda iliyoitwa FIFA, na ambayo tangu mwaka 2023 yaitwa EA Sports FC, huuzwa pakiti za wachezaji ambazo mnunuzi hajui zina nani mpaka azifungue. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kuwa pakiti za namna hiyo zinazolipiwa ni kamari kwa sheria zake, na Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza pointi zake za kununulia nchini humo. Mimi sitoi fatwa, hilo ni la masheikh. Nawaomba tu walitazame, kwani mechi yenyewe ni ya kupendeza na mtoto hajui mpaka uko wapi.

Ninachotaka kwa watengenezaji ni vitu viwili vidogo: mchezo uweze kuhifadhiwa popote, na sinema iweze kurukwa. Kwa wazazi, kabla ya kuzima televisheni muulizeni kijana mchezo wahifadhiwa wapi. Akisema dakika mbili, mpeni dakika mbili na mziangalie saa. Akisema hauhifadhiki mpaka uishe, basi usianzishwe ikiwa imebaki chini ya nusu saa kabla ya adhana. Na kwa wenye vyumba vya kukodi: wakati wa sala simamisheni saa yenu ya malipo, mtoto aende msikitini na arudi azikute dakika zake zote kama alivyoziacha.