Ubungo: Njia Zimeongezeka, Mzazi Bado Yuko Njiani

Wako wanaoijua Ubungo ya Dar es Salaam kwa foleni tu. Sisi tunapenda kukumbusha kuwa ni mahali pa kazi kabla ya kuwa mahali pa kupita. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa hapo mwaka 1968 kwa msaada wa China, na mwaka 2004 mitambo ya umeme ilianza kuendeshwa kwa gesi ya Songo Songo.

Njia nazo hazikosekani. Oktoba 2012 ilianza treni ya mjini, ambayo wananchi waliiita treni ya Mwakyembe, kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa. Mei 2016 yakaja mabasi yaendayo kasi, yakipita Ubungo kati ya Kimara na Kivukoni. Februari 2021 likazinduliwa daraja la Kijazi lenye ngazi tatu, pamoja na stendi mpya ya mabasi ya mikoani kule Mbezi Luis.

Haya ni mambo ya kushukuru. Hata hivyo, sisi tunaipima njia kwa saa ambayo mzazi anabisha hodi nyumbani kwake, si kwa idadi ya magari yanayopita juu yake. Mfanyakazi haishi kando ya barabara kuu. Anaishi ndani, Mabibo, Makuburi au Manzese. Dakika alizookoa ndani ya basi huzipoteza akilisubiri kituoni, kisha akitafuta pa kukanyaga gizani kando ya mtaro ulio wazi. Aliyetoka baada ya Alfajiri hurejea Isha imekwisha kuswaliwa, na watoto wamelala bila kumwona. Kwa mama atokaye zamu ya usiku, hatua hizo za mwisho ndizo za hofu kuliko safari nzima.

Kuziba pengo hilo hakuhitaji daraja jingine. Kunahitaji taa, mifuniko ya mitaro na njia ya miguu, na wenye viwanda kupanga mwisho wa zamu uende sambamba na ratiba ya usafiri. Basi, ndugu wasomaji, mkutano wa mtaa utakapoitishwa tusiwaachie wengine. Twende, baba na mama, tuulize: njia ya kutoka kituoni hadi milangoni mwetu itawekwa taa lini?