MAZOEZI YA MWILI: SALE YA BEI KUBWA AO ILE YA KARIBU?



Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukiisha kutoka, kuna ulizo moja linalofika mbele ya meza yangu kwenye dispansere. Baba mmoja anakuja kupimwa tansio, anavaa shati yake tena, halafu anauliza kwa sauti ndogo: «Muganga, uliniambia nifanye spoti. Sasa niende wapi? Kule mjini, ao hapa kwetu?»

«Kule mjini» ni zile sale zenye mashine, vioo ukutani, vantilatere na muziki. Unalipa mwezi mzima mbele, kwa dola. «Hapa kwetu» ni lopango lenye bati kidogo juu, ambamo vijana wa Nundu wananyanyua vyuma walivyotengeneza wenyewe: chuma kirefu kilichotoka katika gari lililokufa, na mikebe iliyojazwa simenti pande zote mbili. Unalipa franka kidogo siku unapofika. Usipofika, hulipi.

Katika kambi mtu wa kwanza anaitwa patron, na wa pili anachekwa. Ni juu ya kicheko hicho ninaandika leo. Nimeona mtu akikopa ili asichekwe, na mwezi uliofuata mtoto wake akafukuzwa shuleni kwa kukosa minervali ya sekondari.

Shauri langu nalisema mara moja, msilitafute mwishoni: kwa wengi wetu, sale ya karibu ndiyo inayofaa, lakini kwa masharti. Masharti hayo nitayaeleza, sababu sipendi kupokea watu wenye vidole vilivyopondeka.

KAZI TUNAFANYA, SPOTI YA NINI TENA?

Wazee wengi wananijibu hivi: «Mwanangu, mimi ninabeba na kuchimba tangu asubuhi. Spoti gani inapita hiyo?» Jibu hilo lina haki yake, lakini halitoshi.

Kwanza tuwaangalie wenzetu wanaokaa. Mwaka 1953 muganga wa Uingereza, Jeremy Morris, aliandika juu ya wafanyakazi wa bisi za London. Bisi zile zilikuwa na orofa mbili. Dereva alikaa kwenye kiti siku nzima, na mkata tiketi alipanda na kushuka ngazi mara nyingi kwa siku. Wote wawili walikuwa wa bisi moja na njia moja. Lakini ugonjwa wa moyo ulipiga madereva kupita wakata tiketi. Ninyi mnaoendesha kamyo na mashine kubwa za kuchimba, na ninyi wa biro, habari hiyo ni yenu. Mikono inachoka, jasho linatoka juu ya joto, lakini moyo na miguu vimekaa.

Halafu ninyi wa kazi nzito. Mwaka 2021 wachunguzi wa Denmark walitoa matokeo waliyopata kwa watu zaidi ya 100,000. Waliofanya mazoezi kwa hiari yao, nje ya saa za kazi, walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo. Waliokuwa na kazi nzito ya mwili hawakupata faida hiyo. Wao walipatwa zaidi. Wachunguzi wanafikiri sababu ni hii: kazini unabeba saa nyingi, mgongo umeinama namna moja, mapumziko ni machache, na damu inasukumwa kwa nguvu siku nzima. Mazoezi ni ya muda mfupi, unapumzika katikati, na unakaza pia viungo ambavyo kazi haivigusi.

Shirika la Afya Duniani, OMS, katika mashauri yake ya mwaka 2020 linaomba mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa kadiri, na siku 2 ao zaidi za kukaza misuli. Dakika 150 ni nusu saa ya kutembea haraka, siku 5 za juma. Barabara yetu ya Uvira na Baraka haiombi tiketi ya kutembea. Kwa hiyo sale tunaihitaji juu ya zile siku 2 za misuli tu. Weka hilo moyoni kabla hujahesabu pesa.

HESABU YA MFUKO

Tuseme sale ya mjini inaomba dola 30 kwa mwezi, na gari la kwenda na kurudi linakula dola 5. Ukienda mara 2 kwa juma, ni mara 8 kwa mwezi: dola 30 na dola 40, jumla dola 70. Kila mara imekugharimu karibu dola 9. Lakini mvua ikinyesha na barabara kuharibika, ukiwa posti ya usiku, kukiwa na kilio katika jamaa, utaenda mara 3 tu. Hapo umelipa dola 45, na kila mara imekugharimu dola 15. Sasa fanya hesabu hiyo kwa lopango la jirani, ambalo unalipa siku unapofika na unakwenda kwa miguu. Huna haja ya mimi kukusaidia.

Hesabu hii sikuisoma popote. Mimi mwenyewe, miaka ile nilipoanza kazi, nililipa miezi 3 mbele katika sale moja ya mjini. Nilinunua viatu na taulo. Nilikwenda mara 5. Kila juma nilisema nitaanza Jumatatu. Sale ile haikuwa na kosa. Mashine zake zilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa langu, nilinunua safari ndefu nikifikiri nimenunua afya. Wakati ule mke wangu alikuwa anauza ndagala ili tufike mwisho wa mwezi, na taulo lile aliliangalia bila kusema neno.

Msuli haujui bei. Kilo 20 za simenti ni kilo 20, sawa na zile za chuma king'aavyo. Mwaka 1974, kabla ya pigano lao kubwa la tarehe 30 Oktoba pale Kinshasa, Muhammad Ali alikuwa N'Sele, na watu walimuona akikimbia barabarani karibu na mto. Alikuwa na pesa za kununua mashine yoyote ya dunia, lakini hakuacha kukimbia barabarani. Na kule Goma, miaka ya 2010, bondia Kibomango aliwafundisha vijana wengi ngumi kwenye Stade de l'Unité kwa vyombo vya maskini, na wengine kati yao walikuwa wametoka katika vikundi vya silaha. Vijana wale walipata nguvu, na tena walipata nidhamu.

BEI NDOGO SI RUHUSA YA KUUMIA

Sasa masharti. Siku moja walinileta kijana wa kambi, kitambaa kimelowa damu. Alikuwa amelala kwenye benchi katika lopango, ananyanyua chuma peke yake. Mkebe wa simenti upande mmoja haukufungwa. Uliteleza ukaanguka, chuma kikalala upande wa pili, na kidole chake kikabaki katikati. Kidole tulikiokoa, lakini alikosa kazi majuma 3. Waya wa kufunga mkebe ule ungekuwa bei ya sigara mbili.

Kabla ya kumpa mwenye lopango franka yako, angalia mambo haya:

1. Pembeni za chuma, kila mkebe una kizuizi ao umefungwa sawasawa? Simenti imepasuka?

2. Benchi inatikisika? Ikaze kwa mikono miwili kwanza, halafu ulale.

3. Kuna mtu anayesimama karibu na kichwa chako wakati unanyanyua juu ya kifua? Kama hakuna, usinyanyue.

4. Kuna hewa, kivuli na maji ya kunywa? Hapa kando ya ziwa joto ni kali. Ukisikia kizunguzungu, kichwa kuuma ao kichefuchefu, acha, kaa kivulini, kunywa, ujimwagie maji.

5. Kuna mkubwa anayewafundisha wapya, ao kila mtu anashindana? Mahali pa kushindana, mpya ndiye anayeumia mgongo.

6. Kuna mtu anayeuza vidonge ao sindano za kunenepesha na kuongeza misuli? Ukimuona, toka hapo. Deksametazone inayouzwa kwa kificho inapandisha tansio na sukari, inalegeza mifupa, na ukiizoea kisha ukaiacha ghafula inaweza kukuangusha. Misuli inajengwa na bukari, maharagi, ndagala, mayai na usingizi.

Tena, anza na uzito ambao unaweza kuunyanyua mara 12 bila kutetemeka. Usizuie pumzi, toa hewa wakati unasukuma. Ukitoka posti ya usiku, lala kwanza. Mtu mwenye usingizi na chuma juu ya shingo ni sawa na dereva anayesinzia kwenye mtelemko.

KABLA YA YOTE, PITA KWETU

Kupimwa tansio kunachukua dakika chache. Ikipita 14 kwa 9, tuzungumze. Mara nyingi nitakuambia uanze na kutembea. Ikifika 18 kwa 11, usishike chuma hata kimoja mpaka ishuke. Mwenye sukari, mwenye ngiri, mwenye mgongo ulioumia kazini, na mama mwenye mimba waje kwanza. Mwenye kukohoa kupita majuma 2 asiseme «ni vumbi tu». Aje apimwe makohozi. Na kama kifua kinabana wakati wa mazoezi, na maumivu yanakwenda mkononi ao kwenye taya, usingoje kesho. Mwite mwenzako akupeleke hospitali saa ile ile.

NENO KWA HAKI

Sitaki kudharau sale za mjini. Mtu anayekaa karibu nayo, mwenye uwezo, aende. Mashine nzuri inaongoza mwendo wa mkono, na anayeanza hapotei sana. Mwalimu aliyesoma kazi yake ana thamani. Na aliyevunjika mguu ao aliyepooza upande haihitaji sale yoyote, ya bei kubwa wala ndogo. Anahitaji muganga wa viungo.

Tena kuna jambo moja ambalo sale nyingi za mjini zinatupita: mama anaweza kuingia bila kutazamwa vibaya. Katika malopango yetu hakuna saa ya akina mama. Wengine wanasema mama anabeba maji na kuni, inatosha. Nimekwisha kueleza kwamba kubeba si spoti, na kwenye dispansere tansio ya akina mama ninaipima kila siku. Wenye malopango, wekeni saa mbili za akina mama kwa juma, na mke wa mmoja wenu asimamie. Mtapata wateja, na sisi tutapata wagonjwa wachache.

OMBI

Kwa wakubwa wa kampuni na kwa delege wetu wa sendika, nina ombi dogo. Atelye yetu ina mafundi wa kusoldea na vyuma vilivyotupwa. Siku moja ya kazi ingetosha kutengeneza vizuizi vya chuma na benchi mbili ngumu kwa lopango moja la kambi. Hiyo ni bei ndogo kuliko majuma 3 ya mfanyakazi mwenye kidole kilichofungwa. Lakini wewe kijana, usichukue chuma cha kampuni bila karatasi ukasema muganga aliandika. Muganga hakuandika hivyo.

Na wewe baba ambaye ungali unafikiri na dola zako mkononi, fanya jaribio hili. Kwa majuma 4, tembea haraka nusu saa siku 5 za juma, na siku 2 uende kwenye lopango la karibu. Kila siku uliyoifanya, mtoto wako atie alama kwenye kalenda ya ukutani. Mwisho wa mwezi mhesabu pamoja. Kama alama zimejaa na bado unaitamani sale ya mjini, nenda, umejionyesha kuwa unaweza. Kama alama ni 4 ao 5, zile dola zingekuwa zimepotea, na sasa ziko nyumbani kwako.

Kisha uje na kalenda ile dispansere. Nitakupima tansio, na tutaangalia namba zote mbili pamoja.